Ukara (kisiwa)

Ukara ni kisiwa cha Tanzania katika Ziwa Victoria, kaskazini mwa kisiwa kikubwa cha Ukerewe, mkoani Mwanza. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 80. Kimo katika Wilaya ya Ukerewe, yenye makao makuu Nansio, na kina kata nne: Bwisya, Bukiko, Bukungu na Nyamanga. Wenyeji ni Wakara, na lugha yao ni Kikara.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 345,147 katika wilaya nzima. Ile ya 2022 ilihesabu 387,815. Wilaya inazidi kujaa, lakini msongamano wa watu Ukara si jambo la jana. Katika miaka ya 1960 kisiwa kilikuwa na watu karibu 200 kwa kilomita ya mraba, wakati wastani wa nchi nzima haukufika 20. Ardhi haikuwahi kuwatosha, kwa hiyo Wakara waliitunza kuliko wengi. Ng'ombe walifugwa ndani ya nyumba, ndani ya shimo, wakikatiwa majani na kuletewa. Mnyama alikanyaga majani hayo pamoja na kinyesi chake hadi shimo likajaa; kisha samadi ikachimbuliwa na kubebwa kichwani hadi shambani. Katika uwele walipanda marejea, wakaufukia mmea huo ungali mbichi ili udongo upate nguvu. Shamba lilikuwa na mwenyewe, na mti wa malisho vilevile. Wataalamu wa kilimo Thornton na Rounce waliandika juu ya kilimo hiki mwaka 1936, na wenzao wamekuwa wakikitolea mfano tangu hapo. Kinastahili.

Kufika Ukara ni habari nyingine. Kutoka jijini Mwanza msafiri hupanda meli hadi Nansio, au huzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Kutoka Nansio huenda kwa gari au bodaboda hadi Bugorora, ncha ya kaskazini ya Ukerewe, na hapo husubiri kivuko cha kwenda Bwisya. Wapo wanaovuka kwa mitumbwi ya injini. Muhogo, dagaa, saruji, mgonjwa na mwanafunzi wote hupita kwenye maji hayohayo.

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko MV Nyerere kiliondoka Bugorora kikiwa na watu na mizigo. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilipinduka mchana kikikaribia gati la Bwisya, mita chache tu kutoka nchi kavu, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea ndugu zao. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220, na walionusurika 41. Fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, akiwa ndani ya chombo kilichogeuka juu chini. Idadi kamili ya waliopanda haikufahamika siku ile. Ilibidi ijulikane kwa kuhesabu maiti. Hilo ndilo linalouma zaidi katika habari za Ukara: watu wanaojua kipimo cha kila tuta la shamba walisafirishwa bila kuhesabiwa. Baadhi walizikwa palepale Bwisya, na taifa likaomboleza siku nne. Fedha za rambirambi zilitumika kupanua kituo cha afya cha Bwisya.

Upande wa pili wa Mwanza, kati ya Kigongo na Busisi, magari yanavuka juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Zamani pale nako watu walipanga foleni ya kivuko. Ukara haina daraja. Kivuko chake kipya, MV Ukara II, kiliundwa Mwanza na kampuni ya Songoro Marine, kikaanza kazi mwaka 2020. Kinabeba abiria 300, karibu mara tatu ya wale walioruhusiwa katika MV Nyerere.