Masta ya Ushauri Nasaha kwa Simu: Swali Moja Kabla Hujatuma Pesa

Desemba iliyopita nilikuwa ushago, Masimba, nikingoja chai iive, anti yangu akaniwekea simu yake mkononi.

"Baba, hebu nisomee hii vizuri. Ni ya kweli ama ni ya kula pesa?"

Kwa wasiojua: kwa Ekegusii "baba" ni mama, na msichana huitwa hivyo kwa mapenzi. Kwenye skrini kulikuwa na tangazo. Shahada ya uzamili ya ushauri nasaha shuleni, masomo yote mtandaoni, miezi kumi na miwili, hakuna kusafiri, hakuna kukaa darasani. Lipa leo upunguziwe karo.

Anti ni mwalimu wa sekondari. Kwa miaka sita amekuwa mkuu wa idara ya ushauri nasaha shuleni kwao. Aliipataje hiyo kazi? Siku moja kwenye mkutano wa walimu aliambiwa, "Wewe ni mama, una huruma, shika hiyo idara." Basi. Mafunzo aliyopata ni semina ya siku mbili na cheti chenye picha ya mwenge.

Mwaka wake wa pili, msichana wa kidato cha pili aliingia ofisini, akakaa, akanyamaza dakika ishirini nzima. Anti hakujua afanye nini. Akamwombea, akamwambia ajikaze kusoma kwa sababu mama yake anamtegemea. Msichana akasema asante mwalimu, akatoka. Muhula uliofuata hakurudi. Mpaka leo anti hajui yule mtoto alikuja kusema nini.

Hiyo ndiyo sababu anatafuta masta. Sio kupanda ngazi.

Sasa, jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka haraka: "Anti, masomo ya mtandaoni ni bandia. Tafuta chuo cha kukaa darasani." Nilikosea, wasee. Na nilikosea vile wengi wetu wa mjini tunakosea, kwa kudhani kusoma ukiwa mbali kulianza na intaneti. Nilirudi Nairobi nikasoma historia yake, na imenibadilisha mawazo.

Tuanze na posta. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuruhusu watu ambao hawajawahi kukanyaga darasa lake wafanye mitihani yake. Afrika Kusini, UNISA ikageuka chuo cha masomo ya posta mwaka 1946. Tom Mboya, alipokuwa kijana mkaguzi wa afya hapa Nairobi miaka ya 1950, alikuwa anasoma kwa posta na chuo cha Afrika Kusini. Nelson Mandela alisoma sheria akiwa gerezani, na shahada yake ya sheria akaipata kupitia UNISA mwaka 1989, kabla hajaachiliwa. Sijasikia mtu akiuliza kama digrii ya Mandela ni bandia.

Kenya nasi tuna yetu. Baada ya uhuru 1963, shule zilifunguka kwa kasi kuliko walimu walivyopatikana. Watoto wakafundishwa na watu ambao wenyewe walikuwa wameishia shule ya msingi. Ungewatoa wote uwapeleke chuoni, nani angebaki na darasa? Kwa hivyo mwaka 1967 kikaanzishwa kitengo cha masomo ya posta pale Kikuyu, chini ya kilichokuwa University College, Nairobi, kwa usaidizi wa Wamarekani wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwalimu alitumiwa vitabu kwa posta, akafanya kazi, akairudisha ikasahihishwe. Kulikuwa na vipindi kwenye redio ya Sauti ya Kenya. Na kulikuwa na nyakati za kukutana na wakufunzi ana kwa ana. Aliyefaulu mtihani alipanda kutoka mwalimu wa P3 hadi P2.

Fikiria mwalimu wa milimani kwetu miaka hiyo, amemaliza kufundisha, amekamua ng'ombe, amewasha taa ya mafuta na redio ya betri. Huyo naye alikuwa mwanafunzi wa mbali. Pengine ndiye aliyemfundisha babu yako kusoma.

Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kutoa shahada ya elimu kwa wanafunzi wa mbali, hapo hapo Kikuyu. Baadaye ukashika mtindo wa walimu kusoma shule zikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba. Kama mzazi wako ni mwalimu unajua ninachosema: likizo yako ilikuwa muhula wake. Watanzania walikuwa na sheria ya Chuo Kikuu Huria tangu 1992. Chetu, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilipata hati yake Agosti 2023.

Kwa hivyo umbali wenyewe si tatizo. Ila rudi uangalie Kikuyu ya 1967 tena. Kulikuwa na karatasi, kulikuwa na redio, na kulikuwa na kukutana. Hawakuacha hilo la tatu hata wakati barabara zilikuwa mbaya na pesa hakuna. Tangazo la anti lilijisifu kwamba limeliondoa.

Sasa tuingie upande wa pili, ushauri wenyewe, maana historia yake ni nyingine kabisa.

Sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima na haya kati ya mzazi na mtoto aliyekua. Mambo ya mwili, mapenzi, aibu yako ya ndani, hayo hukai chini na baba yako kuyaongea. Lakini nyanya, magokoro, yuko nje ya ukuta huo. Na nyanya mnataniana, unamwambia yale huwezi kumwambia mama, naye anakuambia ukweli bila kukupiga. Yaani wazee walishaelewa kwamba mtu anayekuadhibu na mtu unayemfungulia roho hawawezi kuwa mmoja.

Shule ilipokuja ikatutoa kwa magokoro ikatupeleka bwenini. Na bwenini nani alichukua kiti chake? Kwa muda mrefu, hakuna.

Mwaka 1971 Wizara ya Elimu ikawa na kitengo cha ushauri. Mwaka uliofuata, 1972, zikatoka kanuni za nidhamu shuleni zilizoeleza jinsi ya kuchapa: viboko visizidi sita, kwenye makalio au kiganja. Mwaka 1976 kamati ya Gachathi ikapendekeza kila mwalimu mkuu ateue mwalimu wa kushughulikia ushauri. Kilichoshika shuleni ni hilo neno "ateue". Zaidi ya miaka arobaini baadaye, anti yangu aliteuliwa vivyo hivyo.

Kwa miaka mingi mwenye kuteuliwa alikuwa pia mwenye fimbo. Shule niliyosoma mimi, mwalimu wa ushauri alikuwa mkali kuliko naibu wa mwalimu mkuu. Nilikuwa na shida yangu kidato cha tatu, na nilipita mlango wa ile ofisi labda mara kumi. Sikuwahi kubisha.

Halafu mambo yakaharibika. Julai 1991, St. Kizito kule Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana na wasichana 19 wakafa. Machi 2001, Kyanguli kule Machakos, wavulana 67 walikufa bweni lilipochomwa moto. Mwaka huo huo wa 2001 serikali ikaondoa kiboko shuleni, na walimu wakaambiwa watumie ushauri nasaha badala yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza marufuku hiyo.

Mimi naunga mkono kuondolewa kwa kiboko, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini kiboko unaweza kukiondoa kwa tangazo moja kwenye gazeti la serikali. Mshauri huwezi kumleta kwa tangazo. Anachukua miaka kutengenezwa. Walimu waliambiwa waache kitu walichokijua na wafanye kitu ambacho wengi wao hawakufundishwa.

Na hata kwetu moto ulifika. Juni 2016, Itierio hapa Kisii, wanafunzi walichoma mabweni baada ya kunyimwa kutazama mechi ya Euro usiku. Nchi ilicheka: ati mpira! Mimi siamini mtu anachoma kitanda chake mwenyewe kwa sababu ya mpira peke yake. Kuna kitu kilikuwa kimejaa, na hakukuwa na mahali pa kukimwaga. Mapema 2021 moto ulipoanza tena mashuleni, Waziri George Magoha akapendekeza kiboko kirudi. Miaka ishirini imepita tangu kiondolewe na bado tulikuwa tunakikumbuka, kwa sababu kiti cha magokoro kilikuwa bado wazi.

Kumbuka pia kwamba kisheria ushauri sasa ni taaluma. Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014. Sio kazi ya "wewe una huruma" tena. Huruma ni nzuri, lakini anti alikuwa nayo tele siku ile msichana alinyamaza.

Hapo ndipo hizi historia mbili zinakutana, kwenye simu ya anti pale Masimba. Somo la historia unaweza kulisoma kitabuni na ukalijua. Hesabu unaweza kujifunza kwa video. Lakini kusikiliza mtoto ambaye hataki kuongea hujifunzi kwa kusoma jinsi ya kusikiliza. Unashauri mtu, mtu mwingine mwenye ujuzi anakuangalia au anasikiliza rekodi mliyoruhusiwa kufanya, halafu anakuambia: hapa ulimkatiza, hapa ulianza kuhubiri, hapa aliogopa na hukuona. Ni kama udereva. Huwezi kupewa leseni kwa kusoma kijitabu cha alama za barabarani.

Kwa hivyo tulipoketi tena na anti, nilimwambia asiulize kama kozi ni ya mtandaoni. Aulize swali moja: nani atanisikiliza nikishauri?

Tulikuwa na kozi tatu mezani. Ile ya tangazo tukaiandikia. Jibu likaja baada ya dakika mbili, na lilikuwa namba ya kulipia. Tukaandika tena swali lile lile, tukatumiwa namba ile ile. Hiyo ikaisha.

Ya pili ilikuwa ya chuo cha hapa nchini, ya kusoma wakati wa likizo. Ilikuwa na mazoezi ya vitendo na wasimamizi, kila kitu. Shida ni kwamba ilikuwa mbali, na anti ana mama mgonjwa nyumbani. Likizo ndiyo wakati pekee anaokaa naye.

Ya tatu, pia ya hapa nchini, ilikuwa na madarasa ya jioni kwa mtandao, kukutana ana kwa ana kila muhula kwa siku chache, na saa za kushauri watu halisi karibu na nyumbani chini ya msimamizi. Tasnifu juu yake. Miaka miwili, na kwa kweli watu wengi huchukua zaidi. Ni ghali kuliko ile ya tangazo. Tukahakikisha kwamba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, inakitambua chuo na kozi yenyewe. Hiyo usiruke, hasa kama chuo ni cha nje: shahada ambayo haitambuliwi hapa ni picha tu ya ukutani.

Nilimuuliza kama haoni ni mzigo, na TSC yenyewe siku hizi haikupandishi ngazi moja kwa moja eti kwa sababu umeleta karatasi mpya. Akamimina chai kwanza.

"Baba," akasema, "mimi nataka mtoto mwingine akininyamazia dakika ishirini, nijue la kufanya na hicho kimya."

Alichagua ya tatu. Amechukua mkopo wa sacco. Jioni anapanda juu ya shamba la chai ambako mtandao unashika, anakaa kwenye kigoda na simu, amejifunga leso mabegani kwa sababu Masimba usiku ni baridi. Babu yake yule wa redio ya betri angemtambua mara moja.

Kuna mwalimu kwenye familia yako anayetazama tangazo kama lile sasa hivi, karibu nina uhakika. Usimcheke kwamba anataka kusoma kwa simu. Kaa naye, muulize swali hilo moja kabla hajabonyeza tuma.