RAV4 na X-Trail: Nani anakaa vizuri kiti cha nyuma?

Na Mwandishi Wetu, Singida

KUTOKA Singida mjini hadi Dodoma ni takriban kilomita 240 za lami, zenye matuta na rasta katika vijiji vingi vilivyo kando ya barabara. Dereva huzimaliza bila kunung'unika sana, kwa kuwa ana usukani wa kushika na kiti anachoweza kukirekebisha. Anayezihesabu ni abiria wa nyuma. Mara nyingine abiria huyo ni mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kila tuta analisikia mgongoni.

Pamoja na hayo, familia nyingi zinapochagua kati ya Toyota RAV4 na Nissan X-Trail, mazungumzo huanzia kwenye bei, yakahamia kwenye mafuta na vipuri, yakaishia kwenye rangi. Kiti cha nyuma hukaliwa kwa mara ya kwanza gari likiwa limekwisha kulipiwa.

Magari haya mawili yamekuwa washindani tangu mwaka 2000, ulipotoka mtindo wa pili wa RAV4 na X-Trail ya kwanza kabisa. Yote mawili yaliingia nchini kwa wingi yakiwa yametumika Japani, na mengi yana injini ya cc 1,998, chini kidogo tu ya cc 2,000, kiwango ambacho kwa miaka mingi kimetenganisha ngazi za ushuru wa bidhaa kwa magari ya aina hiyo. RAV4 ya umbo hilo ilikoma mwaka 2005, na X-Trail ikabadilishwa mwaka 2007. Yaliyobaki barabarani ni makongwe, lakini bado yananunuliwa mkono kwa mkono.

Kipimo cha kwanza cha kutazama ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa sababu ndani ya umbali huo ndimo chumba cha abiria kinamokatwa. RAV4 ya milango mitano ina milimita 2,490. X-Trail ina milimita 2,625. Tofauti ni milimita 135, yaani zaidi ya sentimita 13. Si zote zinazokwenda kwenye miguu ya abiria, kwani nyingine huishia kwenye buti, lakini mtu mrefu akikaa nyuma ya dereva mrefu ataitambua tofauti hiyo bila kuhitaji futi kamba. Kwa upana, X-Trail ina milimita 1,765 na RAV4 milimita 1,735. Sentimita tatu si nyingi, ila wakiketi watu wazima watatu, kila bega litazitafuta.

Ipo pia RAV4 ya milango mitatu, ambayo umbali wake wa ekseli ni milimita 2,280 tu. Katika picha ya mtandaoni iliyopigwa kwa mbele, si rahisi kuitofautisha na ile ya milango mitano. Anayebeba wazazi wake asiinunue, hata ikiwa na bei ya kuvutia, maana mzee atalazimika kupenya nyuma ya kiti cha mbele kilichokunjwa kila anapopanda na kushuka.

Ubora wa RAV4 uko katika ujanja wa viti vyake. Kiti cha nyuma kimegawanywa nusu kwa nusu, na kila nusu husogezwa mbele au nyuma, hukunjwa, na hata kung'olewa kabisa na kuachwa nyumbani. Mwenye watoto wawili wadogo atasogeza viti mbele, apate buti la kutosha magunia mawili ya vitunguu. Akipanda mtu mzima, atavirudisha nyuma. Lakini nafasi hiyo ni ya kukopeshana: goti likipata, mzigo unakosa. Safari ya kurudi kutoka kijijini Iramba, ambako mgeni haachwi aondoke bila dumu la mafuta ya alizeti na kuku wawili, huwa ni ya majadiliano marefu kabla mlango wa nyuma haujafungwa.

Mgawanyo huo wa nusu kwa nusu una kasoro nyingine. Abiria wa katikati anakalia pale viti viwili vinapokutana. Kwa safari ya sokoni hatalalamika. Kwa safari ya Singida hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 700, huyo ndiye atakayeomba gari lisimamishwe Manyoni, kisha Dodoma, kisha Gairo.

Kiti cha nyuma cha X-Trail hakisogei mbele wala nyuma, ingawa mgongo wake unaweza kulazwa kidogo. Nafasi ya miguu ipo muda wote, iwe buti limejaa au ni tupu, na kwa mgonjwa au mzee hilo lina uzito kuliko ujanja wowote. Mtu asiye na pa kunyoosha miguu hupandisha magoti, mapaja yakaachana na mto wa kiti, na uzito wote wa mwili ukashukia kwenye nyonga na mfupa wa mkia. Hapo hata sponji nene haisaidii.

Kwa Japani, X-Trail ilinadiwa kama gari la watu wa michezo ya milimani na baharini, hivyo mengi yalitoka na vitambaa vya viti visivyopitisha maji na sakafu ya buti inayooshwa. Waliobuni hayo walifikiria theluji na maji ya chumvi. Hapa Singida yamefaa kwa tenga la kuku, kwa kuwa magari ya aina hii hayana ukuta kati ya buti na abiria. Kitambaa hicho, hata hivyo, hakipumui vizuri, na mchana wa Oktoba abiria hutokwa jasho mgongoni kiyoyozi kisipofanya kazi. RAV4 zenye kitambaa cha kawaida zina nafuu hapo.

Dereva naye ana lake. Katika X-Trail hiyo ya kwanza, mita ya mwendo imewekwa katikati ya dashibodi badala ya nyuma ya usukani. Wengine huizoea baada ya siku mbili, wengine huichukia mpaka wanaliuza gari.

Matoleo yaliyofuata yalipunguza pengo. RAV4 iliyotoka mwishoni mwa 2005 ina milimita 2,560 kati ya ekseli, na X-Trail ya 2007 ina 2,630, ambayo mita yake ilirudishwa mbele ya dereva. Mwenye uwezo wa kununua hayo mapya zaidi atachagua kwa mambo mengine. Kwa yale ya zamani, familia yenye watu wazima wanne au watano itakaa vizuri zaidi katika X-Trail.

Kabla ya kulipa, mnunuzi asogeze kiti cha dereva mahali anapokiweka akiendesha, kisha aende kukaa nyuma yake kwa dakika kumi. Abonyeze mto wa kiti kwa ngumi: ikigonga chuma, sponji imekufa na fundi viti atahitajika. Kwa RAV4, avute kila kiti kwenye reli zake, kwani vumbi na mchanga wa miaka huzigandisha, na ahakikishe nusu zote mbili zipo.

Aangalie pia tairi ya akiba. Ya X-Trail imelazwa chini ya sakafu ya buti, hivyo pancha njiani Itigi humaanisha kushusha mzigo wote kando ya barabara. Ya RAV4 huning'inia nje, kwenye mlango wa nyuma unaofunguka kwa ubavu, na uzito wake hulegeza bawaba kadiri miaka inavyopita. Mlango ulioshuka hauzibi sawasawa, na katika barabara ya vumbi wa kwanza kukohoa ni aliyekaa nyuma.