Injini inayojizima: Jinsi inavyofanya kazi na kwa nini madereva hutofautiana

KATIKA foleni ya Mwembe Tayari, mjini Mombasa, ambako mabasi ya masafa marefu, matatu, tuktuk na mikokoteni hugombania njia, si ajabu gari dogo kunyamaza ghafla, kisha likanguruma tena pindi dereva anapoinua mguu kutoka kwenye breki.

Gari hilo si bovu. Lina mtambo unaozima na kuwasha injini wenyewe ili kupunguza matumizi ya mafuta na moshi. Toyota iliutumia katika gari la Crown nchini Japani mwaka wa 1974. Nchini Kenya, umeenea kupitia magari yaliyotumika, yakiwemo baadhi ya Mazda Demio na Toyota Vitz, yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa.

Gari linaposimama, kompyuta yake hukagua chaji ya betri, joto la injini na mahitaji ya kiyoyozi. Ikiridhika, hukata mafuta. Breki inapoachiliwa, injini huwashwa upya mara moja.

Wanaousifu mtambo huu hutaja akiba ya mafuta. Watafiti wa Maabara ya Argonne, Marekani, wanaeleza kwamba injini iliyoachwa ikinguruma kwa zaidi ya sekunde 10 hutumia mafuta mengi kuliko ikizimwa na kuwashwa tena.

Wanaoulaumu husema foleni inayosogea hatua mbili na kusimama haiwapi akiba hiyo. Isitoshe, katika magari mengi kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na injini. Injini ikizimika, joto la Pwani huingia. Ndiyo sababu wakati wa jua kali kompyuta huweza kukataa kuizima, dereva akadhani mtambo umeharibika.

Lawama kubwa zaidi ni bei ya betri. Magari haya huhitaji betri maalumu, za aina ya EFB au AGM, zinazostahimili kuwasha injini mara nyingi. Anayeweka betri ya kawaida kwa kufuata urahisi wa bei huiona ikichakaa mapema.

Asiyeutaka mtambo huu anaweza kubonyeza kitufe cha kuuzuia, ingawa katika magari mengi hurejea kazini kila gari linapowashwa. La muhimu ni kukumbuka kwamba injini iliyonyamaza haijazimwa. Kabla ya kushuka au kufungua boneti, dereva sharti azime swichi kabisa.