Kipimo cha Mfanano: Historia ya Utafutaji wa Picha katika Maktaba za Watu Binafsi

Katika enzi ya albamu za karatasi, picha ya familia ilitafutwa kwa kumbukumbu ya mwenye nyumba. Kamera za dijitali zilipoenea, picha zikawa maelfu, nazo zikapewa na mashine majina ya herufi na tarakimu yasiyomwambia mwenyewe lolote. Mtu hukumbuka vazi la kitenge, ukuta wa samawati, mkao wa bibi kwenye mkeka. Hakumbuki jina la faili. Ndipo lilipozuka swali: kompyuta ipewe kipimo gani ili itambue kwamba picha mbili zinafanana? Makala haya yanafuatilia majibu yaliyotolewa tangu 1991, na yanadai kwamba badiliko lenye uzito zaidi kwa jamii zetu linahusu mahali kipimo hicho kinapotungwa, kuliko kasi au usahihi wake.

Jibu la awali lilikuwa la rangi. Mwaka 1991 Michael Swain na Dana Ballard walionyesha kwamba kitu kinaweza kutambuliwa kwa kuhesabu kiasi cha kila rangi katika picha yake, kisha kulinganisha hesabu hizo. Njia hiyo ilivumilia kitu kikigeuzwa kidogo, lakini haikujua rangi ilikuwa wapi: bahari chini ya mchanga na mchanga chini ya bahari kwake vilikuwa kitu kimoja. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya IBM ilitumia rangi pamoja na maumbo katika mfumo wake wa QBIC, ambao baadaye ulitumika katika tovuti ya Jumba la Makumbusho la Hermitage huko Saint Petersburg. Hayo yalikuwa mambo ya taasisi kubwa.

Aliye nyumbani alifikiwa kwa njia nyingine. Mwaka 1995 Charles Jacobs, Adam Finkelstein na David Salesin wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha mbinu iliyopunguza kila picha kuwa saini ndogo sana. Picha hufinywa kwanza, kisha hugawanywa kihisabati katika tofauti za mwanga na rangi, kubwa kwa ndogo. Zinabakizwa tofauti chache zilizo kubwa kuliko zote, na kwa kila moja huandikwa tu mahali ilipo na kama ni chanya au hasi. Kulinganisha picha kukawa kuhesabu alama zinazolingana. Kompyuta ya kawaida ya mezani ya wakati huo iliweza kupekua picha 20,000 huku mtafutaji akiendelea kuchora kwa mkono anachokikumbuka.

Mbinu hiyo iliingia katika programu huria, kwanza imgSeek, kisha digiKam. Saini zilikaa katika diski ya mwenye picha na hakuna kilichotoka nje ya nyumba. Udhaifu wake ulikuwa dhahiri. Haikutofautisha arusi na matanga, na mtoto yuleyule akibadilisha shati, kwake alikuwa mgeni. Hata hivyo, kosa lake liliweza kuelezwa na yeyote mwenye macho: machweo na ukuta wa matofali vimechanganywa kwa sababu vyote ni vyekundu. Sifa hiyo haithaminiwi inavyostahili.

Baada ya 2012, mitandao ya neva iliyofunzwa kwa mkusanyo wa ImageNet ilibadili maana yenyewe ya kufanana. Picha iligeuzwa kuwa orodha ya namba, na picha zenye namba zilizokaribiana zikahesabiwa kuwa na maudhui yanayokaribiana. Lakini ukaribu huo ulifunzwa kwa picha za watu wengine. Uchunguzi wa watafiti wa Google wa 2017 ulikadiria kwamba takriban asilimia 45 ya picha za ImageNet zilitoka Marekani, na kwamba mabwana arusi wa Ethiopia na Pakistan walitambuliwa kwa uhakika mdogo kuliko wa Marekani na Australia. Miaka miwili kabla, mwezi mmodi tu baada ya kuzinduliwa, huduma ya Google Photos ilikuwa imewapachika Wamarekani wawili Weusi jina la sokwe. Kampuni iliomba radhi na kuliondoa neno hilo katika orodha yake. Kipimo kilikarabatiwa kwa kufutwa neno.

Aibu hiyo ilionekana na wote. Hasara nyingine haionekani. Familia ya Kampala hutenga kwanjula na harusi ya kanisani, na ya Kigali hutenga gusaba na siku ya ndoa. Mashine isiyofunzwa tofauti hizo haina sababu ya kuzitenga, nayo huzirundika pamoja bila kumjulisha mtu.

Hivi karibuni ukokotoaji umeanza kurudi nyumbani. Programu huria kama Immich huendesha upekuzi kwenye mashine ya mwenye picha, kwa modeli za aina ya CLIP iliyotolewa na OpenAI mwaka 2021. Modeli hiyo ilifunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi kutoka intaneti, hasa ya Kiingereza. Picha hazisafiri tena, ila kipimo bado ni cha ugenini.

Sheria za kanda (Kenya na Uganda 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022) zinauliza data inakwenda wapi na kwa ridhaa ya nani. Modeli iliyokwisha kufunzwa ng'ambo hupita kando ya maswali hayo. Kuna njia isiyo ya gharama kubwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kutambua jinsia kwa picha 1,270 tu za wabunge, wakiwamo wa Rwanda, wakakuta makosa yanayofikia asilimia 34.7 kwa wanawake weusi na chini ya 1 kwa wanaume weupe. Mkusanyo wa namna hiyo wa sherehe na maisha ya nyumbani, uliotolewa kwa ridhaa na kutunzwa na nyaraka za taifa, ungeweza kutumiwa kuijaribu programu kabla taasisi ya umma haijainunua. Picha za wabunge zilikuwa tayari hadharani. Za familia itabidi ziombwe, nyumba kwa nyumba.