Michezo ya Sekondari na Udahili wa Vyuo Vikuu
Nchini Tanzania udahili, yaani utaratibu wa kupokea wanafunzi wapya chuoni, hufuata ufaulu wa mitihani, si umahiri wa uwanjani. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari wa Rubya, wilayani Muleba, anayepanda ngazi za UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari, kutoka wilaya hiyo hadi timu ya mkoa wa Kagera na fainali za taifa, bado hupimwa kwa pointi za Kidato cha Sita, ambazo medali, hata ya dhahabu, haiziongezi. Njia ya kuingia chuoni kwa mbio ilikuwa Marekani, ambako vyuo hufadhili wanamichezo: Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Mara, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, alikimbia kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na mwaka 1980 akatwaa medali ya fedha ya Olimpiki, mita 5,000, mjini Moscow.