Filamu zisizochuja: Ni nini huzifanya zidumu?

Na Mwandishi Wetu

MASHABIKI wa muziki wa dansi wana neno lao, zilipendwa, wanalolitumia kwa nyimbo za zamani ambazo zikipigwa leo bado huwainua watu vitini. Wapenzi wa filamu hawana neno kama hilo, lakini kitu chenyewe wanacho. Zipo sinema zilizotengenezwa kabla wazazi wa watazamaji wake wa leo hawajazaliwa, na bado mtu akianza kuzitazama hasimami mpaka mwisho.

Kila mwaka filamu nyingi hutoka kwa kishindo, hujaza kumbi kwa wiki mbili tatu, kisha husahaulika. Chache hubaki. Ukizichunguza hizo chache utaona kuwa zimebaki kwa mambo matatu: hadithi inayomgusa mtu wa mahali popote, nafasi ya kutazamwa tena baada ya msisimko wa kwanza kupita, na nakala iliyotunzwa. Jambo la tatu ndilo linalozungumzwa kidogo, na ndilo linalopaswa kuwagusa zaidi wanaotengeneza na wanaotazama filamu za Kiswahili.

Siku ya kwanza si kipimo

Wengi hudhani kuwa filamu inayodumu ni ile iliyovunja rekodi ya mauzo ilipotoka. Historia haikubaliani nao.

Mfano mzuri ni Sholay, ambayo kwa mashabiki wengi wa sinema za Kihindi ndiyo mama wa zote. Filamu hiyo iliyoongozwa na Ramesh Sippy ilianza kuonyeshwa Agosti 15, 1975, siku ya maadhimisho ya uhuru wa India. Wachambuzi wengi hawakuisifu, na katika siku za mwanzo mauzo ya tiketi yalisuasua, hata waliohusika wakafikiria kuibadilisha sehemu ya mwisho ili mmoja wa mashujaa wake, Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, asife. Hawakuibadilisha. Sifa zilisambaa kwa mdomo, mtu akimsimulia jirani yake, na katika jumba la Minerva mjini Bombay filamu hiyo ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo.

Marekani nayo ina mfano wake. The Shawshank Redemption, iliyoongozwa na Frank Darabont kutokana na hadithi ya Stephen King, ilitoka mwaka 1994 ikiwa imegharimu takriban dola milioni 25. Katika mzunguko wake wa kwanza iliingiza takriban dola milioni 16 tu. Iliteuliwa kuwania tuzo saba za Oscar na haikupata hata moja. Leo hii kisa cha mfungwa Andy na rafiki yake Red, kilichoigizwa na Tim Robbins na Morgan Freeman, kinatajwa na watazamaji wengi duniani miongoni mwa sinema bora walizowahi kuona.

Hata wataalamu hubadilisha mawazo. Jarida la Uingereza la Sight and Sound, ambalo tangu mwaka 1952 huwauliza wachambuzi kila baada ya miaka kumi filamu ipi ni bora kuliko zote, lilianza na Bicycle Thieves ya Italia. Kuanzia mwaka 1962 hadi 2002 nafasi ya kwanza ilishikwa na Citizen Kane ya Orson Welles. Mwaka 2012 ikachukuliwa na Vertigo ya Alfred Hitchcock, ambayo ilipotoka mwaka 1958 ilipokewa kwa hisia mchanganyiko. Mwaka 2022 ikaenda kwa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya kwanza iliyoongozwa na mwanamke kufika hapo.

Shida ya mmoja, shida ya wote

Tuirudie hiyo Bicycle Thieves, kwa kuwa inaonyesha waziwazi nguvu ya hadithi. Ilitengenezwa mwaka 1948 na Vittorio De Sica katika mitaa ya Roma, wakati Italia ingali na makovu ya vita. Antonio, baba asiye na ajira, anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani kwa sharti moja: awe na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ya nyumbani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Baba na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji mzima kuitafuta, na mwishowe baba huyo anashawishika kuiba baiskeli ya mtu mwingine. Anakamatwa mbele ya mtoto wake.

Hakuna bunduki wala jumba la kifahari. De Sica hakutumia hata mwigizaji mwenye jina. Aliyeigiza nafasi ya baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kupoteza chombo cha kazi, iwe mkokoteni, cherehani au pikipiki, anaielewa filamu hiyo bila kufafanuliwa. Kinachouma kuliko wizi wenyewe ni ile aibu ya baba kuonekana na mwanawe. Kijana mmoja wa Kihindi, Satyajit Ray, aliitazama filamu hiyo mjini London mwaka 1950 na kuamua kwamba naye atatengeneza sinema. Miaka mitano baadaye akatoa Pather Panchali, ambayo nayo haijachuja.

Casablanca, ya mwaka 1942, ni ya namna nyingine kabisa, lakini siri yake inafanana. Humphrey Bogart ni Rick, mwenye klabu ya usiku nchini Morocco, ambaye mikononi mwake zipo hati zinazoweza kumwokoa mwanamke anayempenda pamoja na mume wa mwanamke huyo. Achague nini, penzi lake au jambo lililo kubwa kuliko yeye? Uandishi wa mswada uliendelea huku upigaji picha ukiendelea, lakini maumivu yanayoonekana humo si ya kubuni yote. Waigizaji wake kadhaa walikuwa wakimbizi wa kweli waliotoka Ulaya kuukwepa utawala wa Hitler. Miongoni mwao alikuwa Conrad Veidt, Mjerumani aliyewakimbia Wanazi kisha akaigiza kuwa ofisa wao.

Hadithi iliyojengeka vizuri husafiri pia. Mwaka 1954 Akira Kurosawa wa Japani alitoa Seven Samurai, kisa cha wakulima maskini wanaowakodi wapiganaji kuwalinda dhidi ya majambazi wanaokuja kupora mavuno. Mwaka 1960 Wamarekani wakaigeuza kuwa ya wachunga ng'ombe wenye bastola, wakaiita The Magnificent Seven. Mkondo huohuo ukafika hadi Sholay, ambamo ofisa wa zamani wa polisi anawakodi wezi wawili kumkamata jambazi anayekihangaisha kijiji. Mavazi na lugha zilibadilika, lakini mwanakijiji anayeishi kwa hofu alibaki yuleyule.

Steringi, adui na nyimbo

Hadithi peke yake haitoshi, kwani watu hukumbuka vipande. Sholay inakumbukwa kwa jambazi wake, Gabbar Singh, aliyeigizwa na Amjad Khan, kijana ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa. Maneno aliyoandikiwa na watunzi Salim Khan na Javed Akhtar yalipendwa kiasi kwamba santuri zenye mazungumzo ya filamu, bila nyimbo, ziliuzwa na kununuliwa. Aidha, filamu hiyo ilithubutu kuvunja kanuni ambayo watazamaji wa Afrika Mashariki wameitamka kwa miaka mingi kama sheria: steringi hafi. Jai alikufa, na kifo hicho ndicho ambacho hadi leo mtu aliyeiona akiwa mtoto atakusimulia kwanza.

Nyimbo nazo zina kazi yake. Awaara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na kuigizwa na Raj Kapoor akiwa pamoja na Nargis, ilitazamwa na mamilioni ya watu katika Umoja wa Kisovieti, watu wasiojua neno la Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu cha Reel Pleasures kilichotoka mwaka 2018 kuhusu majumba ya sinema nchini Tanzania, ameeleza namna filamu hiyo ilivyopendwa Zanzibar. Swali lake lilikuwa jepesi kulielewa: je, mtoto wa mwizi lazima naye awe mwizi? Wazazi walioketi katika majumba kama Majestic la Zanzibar, au Empire na Avalon ya Dar es Salaam, walikuwa na swali hilohilo kuhusu nasaba, mapenzi na utiifu kwa wakubwa. Wasiojua lugha walifuata nyuso na sauti, kisha wakatoka na nyimbo midomoni. Baadhi ya tuni za filamu za Kihindi ziliingia hadi kwenye taarabu ya mwambao, zikapewa maneno ya Kiswahili.

Nafasi ya pili

Ipo filamu nzuri iliyokosa bahati, na ipo iliyookolewa na bahati. It's a Wonderful Life ya Frank Capra, kisa cha mtu mwema aliyekata tamaa na kuonyeshwa jinsi mji wake ungekuwa kama asingezaliwa, ilitoka mwaka 1946 na kuwatia hasara walioitengeneza. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa. Vituo vya televisheni vya Marekani vikapata filamu ya kuonyesha bila kulipia, vikaionyesha kila msimu wa Krismasi. Watoto wakakua nayo. Ilipofika mwaka 1993, kampuni moja iliporejesha udhibiti wake kupitia haki za muziki na za hadithi ya awali, tayari ilikuwa sehemu ya sikukuu za familia nyingi.

Shawshank nayo iliokolewa na mikanda ya video ya kukodi, kisha na televisheni ya kebo iliyoanza kuirudiarudia mwaka 1997. Casablanca, ingawa ilishinda Oscar ya filamu bora, ilipata kizazi kipya cha mashabiki katika miaka ya 1950, pale jumba dogo la Brattle, jirani na Chuo Kikuu cha Harvard, lilipoanza kuionyesha upya kwa wanafunzi.

Bila nakala hakuna zilipendwa

Hata hivyo, yote hayo yanategemea kitu kimoja: mkanda uwepo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi zilichapwa kwenye mikanda ya naitreti, ambayo huoza na kushika moto upesi. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox huko New Jersey liliungua na kuteketeza sehemu kubwa ya kazi zake za awali. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulibaini kuwa takriban asilimia 70 ya filamu ndefu za kimya za nchi hiyo zimepotea kabisa. India nayo haina hata nakala moja inayojulikana ya Alam Ara ya mwaka 1931, sinema yake ya kwanza yenye sauti. Huenda miongoni mwa zilizopotea zilikuwamo bora kuliko hizi tunazozisifu.

Mara chache kilichopotea hurudi. Metropolis ya Fritz Lang ilionyeshwa Berlin mwaka 1927, kisha ikakatwa vipande, na toleo kamili likahesabiwa kuwa limetoweka. Mwaka 2008 nakala iliyochakaa, yenye sehemu kubwa ya vipande hivyo, iligunduliwa katika jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires, Argentina, na mwaka 2010 toleo lililokarabatiwa likaonyeshwa. Sholay yenyewe imepata bahati hiyo. Mwaka 1975 wakaguzi wa filamu wa India waliagiza mwisho wake ubadilishwe ili Gabbar akamatwe na polisi badala ya kuuawa. Juni 2025, miaka 50 baadaye, toleo lililokarabatiwa lenye mwisho wa awali lilionyeshwa Bologna, Italia. Liliwezekana kwa kuwa kuna aliyehifadhi mikanda.

Na za Kiswahili je?

Hapa ndipo suala hili linapogonga hodi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, zikimshirikisha kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu. Baadaye zikaja kazi za Kampuni ya Filamu Tanzania, miongoni mwake Fimbo ya Mnyonge, na katikati ya miaka ya 1980 Arusi ya Mariamu. Ni wangapi kati ya vijana wanaoota kuwa waigizaji leo wamewahi kuziona?

Wimbi la filamu za Bongo lililofuata liliuzwa kwa kanda za VHS, kisha VCD na DVD. Kanda huota ukungu katika joto la pwani na diski hukwaruzika, huku mashine za kuzichezea zikizidi kuwa adimu. Mtayarishaji aliyeuza kazi yake na kubaki na nakala moja ndani ya kabati hana uhakika nayo, wala aliyeiweka kwenye kompyuta moja tu.

Umoja wa Mataifa, kupitia Unesco, umetenga Oktoba 27 kila mwaka kuwa siku ya urithi wa sauti na picha. Lakini kazi yenyewe haihitaji sherehe. Inahitaji mtayarishaji kutunza nakala kamili zaidi ya moja katika sehemu tofauti, kuandika wazi nani anamiliki nini, na vituo vya televisheni kuzipa filamu za zamani saa ya kutazamwa badala ya kuzijaza vumbi stoo. Maktaba na vyuo vinavyofundisha sanaa navyo vinaweza kuanza kukusanya.

Hakuna anayeweza kusema leo ni filamu ipi ya Kiswahili itakayopendwa miaka 50 ijayo. Walioitazama Sholay wiki ya kwanza nao hawakujua. Walichofanya wenzetu ni kuutunza mkanda mpaka watazamaji walipoamua. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.