Shinyanga Mjini: Boma, Reli na Ngitili

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na makao ya wilaya ya Shinyanga yakahamia kando yake. Mahali yalipokuwa kwanza panaitwa Old Shinyanga hadi leo, na sasa ni kata ya manispaa. Mji mpya ulikua kwa haraka pale stesheni ilipowekwa: ofisi za serikali, maduka ya Wahindi na Waarabu, maghala ya pamba. Karibu miaka mia imepita tangu wakati huo. Anayetaka kueleza mji huu umetoka wapi hupenda kuanza na almasi. Mimi nitaanza na mbung'o, kwa sababu ndiye aliyewapa kazi watu wa Shinyanga kabla ya mtu yeyote kuokota jiwe Mwadui.

Mbung'o anahitaji kivuli. Vichaka vya miiba vilipozidi, ng'ombe walikufa kwa nagana, watu wakaugua malale, na vijiji vikarudi nyuma. Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton, mkuu wa hifadhi ya wanyamapori wa Tanganyika, alianza hapa majaribio ya kuchoma na kufyeka pori. Mwaka 1929 akapewa idara mpya ya utafiti wa mbung'o, na makao yake yakawa Old Shinyanga. Kwa njia hiyo makao yaliyohamwa na mabwana shauri yakapata maisha ya pili, na jina la Shinyanga likasomwa na wanasayansi wa nchi za mbali. Mbung'o wa aina moja anabeba jina la Swynnerton mpaka sasa: Glossina swynnertoni. Mwenyewe alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege, pamoja na B. D. Burtt, mtaalamu wake wa mimea.

Hayo yameandikwa vitabuni. Yaliyoandikwa kidogo ni kwamba Swynnerton hakuwa na jeshi la kufyeka. Waliofyeka ni Wasukuma wenyewe, walioitwa kwa maelfu na watemi wao, kila mtu na shoka lake. Mtemi Makwaia wa Busiha alikuwa nguzo ya kazi hiyo, na bila neno lake pori lisingeguswa. Mwanawe Kidaha, aliyezaliwa mwaka 1922 na kusoma Tabora na Makerere, alirithi kiti. Mwaka 1945 yeye na Mtemi Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Moja ya sauti mbili za kwanza za Waafrika katika baraza lile ilitoka upande wetu, na mji haujamkumbuka Kidaha inavyostahili. Utemi wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1963.

Almasi nitazisema kwa kifupi. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua mwamba wa Mwadui mwaka 1940, na mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5 ambalo alimpa Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Alipofariki mwaka 1958, kampuni ilinunuliwa nusu kwa nusu na De Beers na serikali ya Tanganyika. Mwadui ilikuwa na hospitali yake, shule zake na uwanja wake wa ndege, vyote ndani ya uzio. Vijana wengi wa wilaya walijifunza ufundi na ukarani huko, na Paul Bomani, aliyekuja kuwaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika ushirika, alifanya kazi hapo kabla ya kuingia harakati hizo. Lakini utajiri wenyewe uliupita mji wa Shinyanga angani, kwa ndege. Kilichoujaza mji pesa ni pamba: msimu ulipofunguliwa, maduka yote yalijaa watu.

Pamba nayo ilidai ardhi. Pori lililofyekwa kwa ajili ya mbung'o likawa mashamba, ng'ombe wakaongezeka, na miti iliyobaki ikaishia jikoni. Kisha ikaja operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970. Familia zilihamishwa mbali na maeneo yao, na pamoja nayo zikaachwa ngitili, yaani malisho ambayo kila ukoo uliyafunga wakati wa mvua ili yafunguliwe kiangazi kikali. Ngitili isiyo na mlinzi haidumu. Miaka ya 1980 ilipofika, Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Wanawake walitembea nusu siku kutafuta kuni, na wengi wakapika kwa kinyesi cha ng'ombe. Moshi wake ulifanya macho ya vikongwe kuwa mekundu, na katika nchi yenye hofu ya uchawi, macho mekundu yaliwagharimu wengine uhai wao. Sioni namna ya kuandika historia ya Shinyanga na kuliruka jambo hilo.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukasaidiwa na Norwei na baadaye watafiti wa kilimo-mseto cha miti. Walianza na vitalu vya miche, kama miradi yote ya siku zile. Wazee wakawaonyesha njia fupi zaidi: ardhi ikifungwa, mizizi iliyolala chini huchipua yenyewe. Ngitili zilizoandikwa mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Aliyeingiza ng'ombe ndani alijibu mbele ya dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, waliokuwa wameibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, wakawa pia walinzi wa miti. Wajukuu wa waliofyeka ndio walioiacha miti irudi. Kwangu hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote lililowahi kufanywa katika wilaya hii, na halina sanamu wala barabara yenye jina lake.

Kuna mlango mwingine ambao mji lazima uutaje. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza kuenea mwaka 2007, Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoumia zaidi. Septemba 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Shule ya Buhangija, hapa hapa manispaa, ambayo awali ilikuwa ya watoto wasioona, ilifungua mabweni yake kwa watoto waliokimbizwa makwao usiku. Walimu na walezi wake walibeba mzigo uliozidi vitanda na chakula walichokuwa nacho. Wakiandikwa watu wa mji huu, waandikwe wao kabla ya matajiri wa madini.

Siku hizi fedha imekwenda magharibi. Geita, iliyochimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ilirudi na mgodi mkubwa mwaka 2000; Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, zote mbili upande wa Kahama. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 161,391 Shinyanga mjini na 242,208 Kahama mjini. Mwaka huo huo mkoa ulikatwa: Bukombe ikaenda Geita, Bariadi, Maswa na Meatu zikawa Simiyu. Shinyanga ikabaki na ofisi ya mkuu wa mkoa, Mahakama Kuu, stesheni, Uwanja wa Kambarage na Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mfanyabiashara wa Kahama mwenye kesi Mahakama Kuu bado anapanda basi la alfajiri kuja hapa, na huko njiani, upande huu na ule wa barabara, anapita ngitili zilizofungwa.